Mdomo wa Mtani Wangu

Loisi alitoa habari yake huku akichambua vitunguu. Alikuwa ameshuka asubuhi hiyo kwenye basi la kutoka Mpwapwa na kiroba cha vitunguu vya Kibakwe begani, maana huyu mwanamke hajawahi kuja Dodoma mikono mitupu. Akaketi kwenye benchi letu, kwenye chumba cha nyuma cha duka la vitambaa la Sushila, akavimwaga vitunguu kwenye ungo na kuanza kutenga vizima na vilivyopondeka njiani. Sushila alikuwa anamimina chai. Mimi nilikuwa nalalamikia joto.

"Wale madaktari wa midomo wakija mwezi huu," Loisi akasema, "na mimi niandikeni."

"Tumeshakuandika," nikamjibu. "Wewe ni msindikizaji, kama siku zote."

"Niandikeni kama mgonjwa."

Sushila akaiweka birika chini. Mimi nilicheka, kwa sababu kati yangu na Loisi kila jambo huanza kama utani. Lakini hakuinua macho kwenye ungo wake, na vidole vyake viliendelea na kazi, na hapo nikajua hatanii.

Kwa asiyemjua Loisi, niseme hivi. Wakati huo alikuwa anakaribia miaka sabini, na mdomo wake wa juu ulikuwa umepasuka tangu tumboni kwa mama yake, upande wa kushoto, hadi kwenye tundu la pua. Kazi yetu sisi watatu, kwa miaka mingi sasa, ni kuwatafuta watoto waliozaliwa na midomo ya namna hiyo, pamoja na wale walioungua nyuso, tukawafikisha hospitali na kukaa na mama zao. Tumesajiliwa kwa jina la Uso kwa Uso. Sisi wenyewe tunasema Benchi tu. Na katika miaka yote hiyo Loisi hakuwahi kusema kwamba anautakia mdomo wake kitu kingine chochote zaidi ya kuucheka.

Nilikasirika. Siwezi kulipamba hilo. Ila ili hasira yangu ieleweke lazima nirudi nyuma, Mpwapwa, kwenye nyumba ya bati chini ya milima, wakati mume wangu akifundisha chuo cha mifugo na mimi nimetoka kujifungua mtoto wangu wa kwanza.

Jordan alipozaliwa nilimwuliza mkunga kama amemwangusha. Ndivyo nilivyoanza umama. Nilimfunika kanga mpaka kichwani, nikafunga madirisha, na wageni walipokuja kunipa pongezi niliwaambia mtoto amelala. Walikunywa chai, wakaondoka, wakarudi siku nyingine, na mtoto alikuwa bado amelala. Kumbe kunyonya hawezi. Maziwa yalimtokea puani, akakohoa, akalia kwa sauti nyembamba, na mimi nikalia naye humo gizani kwenye joto la bati.

Siku moja mwanamke akapiga hodi akiuza vitunguu. Alikuwa amejitanda kanga, pindo limemziba mdomo. Nikafungua mlango kidogo tu, nikamwambia sihitaji.

"Mtoto wako ana njaa," akasema.

"Amelala."

"Mtoto aliyelala halii hivyo, mama."

Akaliachia lile pindo. Nikauona mdomo wake, mpasuko ule ule niliokuwa nao kitandani kwangu, kwenye uso wa mtu mzima mwenye vumbi la njiani na hereni masikioni. Nilikuwa sijalala sijui tangu lini. Salamu zake zilikuwa zimeshanionyesha kwamba ni Mgogo, na mimi ni Mhehe wa Iringa, mtani wake kabisa. Basi neno likanitoka bila kufikiri: "Mgogo wewe, nani kakukata mdomo? Ulikuwa unaiba nini?"

Nikajiziba kinywa kwa kiganja. Yule mwanamke alinitazama, halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mlango, mpaka vitunguu vikamwagika kutoka kwenye beseni na kuviringika hadi uani kwa jirani.

"Mhehe mmoja alinidhania mbwa wa kitoweo," akasema alipopata pumzi, maana sisi Wahehe hutaniwa kwamba tunakula mbwa. "Nikamkimbia kabla hajamaliza."

Baadaye, tulipokuwa marafiki, alinieleza kicheko kile. Tangu utoto wake watu walimnyamazia. Wengine walimwombea, wengine waliangalia miguu yake, na watoto wakorofi walimpigia kelele, lakini hakuna mtu aliyewahi kumtania kama mtani anavyomtania mtani. Wageni walipofika kwao alipelekwa zizini kwa ng'ombe mpaka waondoke, kwa hiyo hata watani wa ukoo wake walikuwa hawamjui. "Uliponitania," aliniambia, "nikajua umeniona."

Siku ile alinawa mikono, akaomba kikombe kidogo na kijiko. Akaniambia nikamue maziwa. Akamketisha Jordan wima mapajani pake na kumnywesha tone baada ya tone, pembeni mwa mdomo, kama mama yake mwenyewe alivyomnywesha yeye kwa kipande cha kibuyu. Jordan alimeza. Akameza tena. Mwishowe akalala kweli, na mimi nikafungua dirisha.

Ni yeye aliyenisindikiza Dodoma mtoto alipotimiza uzito wa kufanyiwa upasuaji. Kwenye benchi la hospitali, nje ya chumba cha upasuaji, tulimkuta mama wa Kihindi amekaa peke yake na mtoto wa kiume aliyefungwa bandeji shingo na shavu. Jiko la mafuta ya taa lilikuwa limemlipukia nyumbani. Yule mama hakutusemesha mpaka saa ya kula, alipofungua kopo lake, akatoa chapati zenye majani ya uwatu ndani, akazigawa sawasawa bila kutuuliza kama tuna njaa. Huyo ndiye Sushila, na mtoto ndiye Kishan. Walipokuja kumchukua Jordan mlangoni, mikono yangu ilikataa kumwachia. Nesi alivuta, mimi nikavuta. Loisi akanishika mkono mmoja, akaubandua taratibu, akabaki nao mkononi mwake, na kwa mkono wake mwingine akapokea viatu vya mtoto.

Kanuni yetu ilizaliwa hapo, na aliyeitunga ni Loisi: hakuna mtu wetu anayeingia mlango ule bila kushikwa mkono na mmoja wetu, na viatu vyake tunabaki navyo sisi. Miaka mingi baadaye hospitali ilipoleta viti vya plastiki, Sushila alituma mkokoteni ukaliokoe lile benchi. Mguu mmoja ni mfupi. Tunauwekea kipande cha mbao.

Ah, tulizunguka. Nikikumbuka zile safari mpaka leo mgongo unauma na moyo unachangamka. Kabla ya bodaboda tulipanda malori ya mahindi, tukakaa juu ya magunia, Loisi akiimba nyimbo za kwao na mimi nikimwomba anyamaze, naye akizidisha sauti. Tulilala kwenye tembe zenye moshi, tukala ugali wa uwele na mlenda. Mlenda ulimtesa Loisi, ulimponyoka pale kwenye mpasuko, akaufuta kwa nyuma ya mkono na kusema mlenda hauna adabu.

Na kazi tulikuwa na njia moja tu ya kuifanya. Tukifika kwenye nyumba inayoficha mtoto hatukuuliza mtoto yuko wapi. Tuliketi uani, tukapewa maji, na mimi nikaanza kumshambulia Loisi mbele ya watu wote. Niliwauliza kama wamewahi kuona Mgogo mwenye milango miwili, mmoja wa kuingizia ugali na mwingine wa kutolea uongo. Loisi alijibu kwamba Mhehe ana mlango mmoja na bado hajui kuufunga. Wenyeji walishtuka. Waliangaliana. Halafu mmoja aliguna, mwingine akaficha kicheko kwenye kanga, na kabla chai haijaiva uso ule ulikuwa uso wa mtu anayegombana na rafiki yake, basi. Kuna nyumba moja karibu na Kolo ambako baba alituapia kwamba hana mtoto wa namna hiyo. Tuligombana pale uani kwa sauti kubwa hivi kwamba bibi wa nyumba akatoka ndani kuja kuona kuna nini, na mtoto akiwa mikononi mwake. Alikuwa amesahau kumficha.

Sasa nadhani inaeleweka kwa nini nilikasirika. Ule mdomo ndio uliokuwa unafungua milango.

"Dada Loisi," Sushila alisema siku ile ya vitunguu, "na presha yako?"

"Watapima."

"Wanakuja kwa ajili ya watoto."

"Watoto watatangulia. Mimi nitakuwa wa mwisho. Nimewauliza kwa simu, wamesema mdomo peke yake mtu mzima hushonwa kwa sindano ya ganzi, yuko macho."

Kumbe alikuwa ameshauliza. Hilo liliniuma kuliko yote. Kishan akaingia wakati huo huo akitokea mbele dukani, kijana mrefu mwenye ndevu upande mmoja, kwa sababu upande ulioungua hazioti. Siku hizi yeye ndiye anayeshughulika na wafadhili na mambo ya mtandaoni.

"Shikamoo bibi. Shikamoo mama." Mama yake akamwambia kilichotokea. Kishan akakuna kidevu upande wenye ndevu. "Lakini bibi, wewe ndiye brand yetu. Kalenda ya mwaka mzima ina picha yako."

"Mwakani weka picha ya vitunguu," Loisi akamjibu.

Mimi sikucheka. "Kina mama utawaambia nini? Umewazungukia miaka yote ukiwaambia niangalieni, nimeolewa, nimezaa, nakula nyama, sijafa. Leo uzeeni ndiyo umeona aibu?"

"Sina aibu."

"Basi unataka nini?"

Akasukuma ungo pembeni. "Nataka kunywa uji nimenyoosha shingo," akasema. "Tangu nizaliwe nakunywa nimelaza kichwa upande kama kuku anayetazama mwewe. Halafu nataka kupita ule mlango. Nimewafikisha watoto wa watu wote pale, Restuta, wakapita wote, na mimi nikabaki nje na viatu vyao mkononi. Mwanzoni sikujua kwamba mtu mkubwa hushonwa. Nilipojua, mlikuwa mmeshanizoea hivi, na kazi inanitaka hivi. Elieza naye akasema tungoje kwanza. Tukangoja. Sasa Elieza amelala Kibakwe, na mimi bado nangoja."

Elieza ni marehemu mume wake. Jina lake lilipotajwa Sushila alianza kupangusa macho, na mimi nikajua nimebaki peke yangu upande wangu. Nilitaka kumwuliza Loisi, na mimi nitamtania nani? Lakini swali la namna hiyo mtu mzima haulizi. Nikasema afanye anavyotaka, Mgogo hajawahi kusikia la mtu, nikachukua mkoba wangu na kuondoka bila kunywa chai.

Nilikaa nyumbani na hasira zangu, nikafua mapazia yasiyohitaji kufuliwa. Jordan akanipigia simu kutoka Kolo, ambako anawatembeza wageni kwenye michoro ya miambani. Nikamweleza yote nikitegemea atakuwa upande wangu, maana anampenda bibi Loisi na amemjua kwa sura ile ile tangu afumbue macho duniani.

"Mama," akasema, "mbona mimi ulinishona?"

"Wewe ulikuwa mtoto."

"Na yeye alikuwa mtoto."

Nikamwambia mtandao mbaya, nikakata simu. Mtandao ulikuwa mzuri tu.

Siku yenyewe nilifika hospitali jua limeshaelekea magharibi. Watoto wote walikuwa wameshatoka, mama zao wamewabeba wodini. Loisi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki na gauni la bluu la hospitali, nesi amesimama mbele yake mikono kiunoni, Sushila pembeni anaomba radhi.

"Mama huyu anakataa kuinuka," nesi akaniambia. "Anasema mtu wake hajafika."

"Sushila yupo hapa," nikasema.

"Sushila analia," Loisi akajibu. "Nikishikwa na mtu anayelia presha itapanda."

Nikampa mkono. Akainuka. Ile korido siyo ndefu, lakini tuliitembea kama watu wanaopeleka kitu cha kuvunjika. Mlangoni akasimama, akanigeukia, akainua uso wake kwenye taa.

"Haya," akasema. "Nitanie mara ya mwisho."

Nikauangalia. Ule upande wa kushoto uliojikunja juu, lile jino lililokuwa linatangulia kutoka kabla hajacheka, ile ngozi ya waridi ndani ya mpasuko ambayo hukauka kila kiangazi mpaka aipake samli. Nilikuwa na matani ya kutosha kujaza lori la mahindi. Hakuna hata moja lililotoka. Nikameza mate.

Loisi akangoja. Halafu akanipiga kofi dogo la begani. "Mhehe ameishiwa," akamwambia nesi. "Ukimwona anameza mate hivyo, jua amepita mbwa." Akavua ndala zake, akanikabidhi, akapita mlango.

Nikabaki na viatu vyake mkononi.

Nesi alitusimulia baadaye kwamba aliongea muda wote, mpaka daktari akamwomba sana anyamaze la sivyo atamshona na ulimi. Nyuzi zilitolewa, uvimbe ukashuka, na siku moja tukakutana nyumbani kwa Sushila kwa ajili ya uji. Sushila aliupika mwenyewe, wa ulezi, akautia maziwa na iliki. Loisi akaomba kioo kwanza, maana hospitali alikuwa amekataa kujiangalia akiwa na nyuzi. Kishan akamletea. Alijitazama muda mrefu, akageuza shavu hili, akageuza lile.

"Kumbe nafanana na mama," akasema.

Akamrudishia Kishan kioo. Akasimama katikati ya sebule, akanyoosha shingo, akanywa uji wote bila kupumzika, na hakuna tone lililodondoka. Sushila akapiga makofi. Mimi nilitoka nje kwenye varanda nikalia, na wote walidhani ni furaha. Furaha ilikuwemo. Lakini nilikuwa pia nimefiwa na sura, na kwa msiba wa namna hiyo watu hawakuletei hata pole. Pale sebuleni alikuwa amekaa bibi mmoja nadhifu mwenye alama nyembamba chini ya pua, anayezungumza kama Loisi na kuvaa nguo za Loisi. Ningempita sokoni nisimjue. Nilikwenda dukani nikaitazama kalenda ya Kishan. Mdomo ulikuwepo pale, lakini alikuwa ameambiwa akae vizuri, atabasamu kwa wafadhili, na Loisi ninayemjua mimi hajawahi kukaa vizuri hata siku moja.

Habari za Jenifa zilitufikia wakati wa kupukuchua mahindi. Alikuwa binti mdogo, mume wake ameenda machimboni, anaishi juu milimani, mbele ya Kibakwe. Amejifungua mtoto wa kike na hajaonekana nje tangu hapo. Mhudumu wa afya wa kijiji alikwenda akafungiwa mlango. Tulipanda bodaboda mbili, mimi nyuma ya moja na Loisi nyuma ya nyingine, na Loisi aliimba njia nzima. Sauti yake ilikuwa imebadilika kidogo. Upepo uliokuwa unavujia puani haukuwepo tena, na niliutamani.

"Mbukwenyi," Loisi akasalimu uani, kwa lugha ya kwao.

Binti akatoka, akausimamia mlango kwa mwili wake. "Shikamooni." Macho yalikuwa mekundu. Ndani nilisikia ile sauti nyembamba. Ningeijua popote.

Na mimi, kwa mazoea, nikaketi kwenye kigoda, nikanyoosha kidole. "Binti, umewahi kuona Mgogo mwenye milango miwili kama huyu? Hebu mtazame mdomo wake."

Jenifa akamtazama. Aliona bibi mwenye mdomo mzima. Akanigeukia mimi kwa jicho la kumtazamia mwendawazimu. "Bibi ana nini mdomoni?" akauliza.

Nilitamani ardhi inimeze. Loisi akaokoa jahazi kama alivyoweza. "Ulikuwa umepasuka kama wa mtoto wako," akasema. "Ukashonwa. Tangu hapo Mhehe huyu hana kazi."

Jenifa hakucheka. "Najua watamshona," akasema. "Mhudumu ameniambia kupitia dirishani. Amesema mpaka afikishe uzito. Basi akifikisha nitampeleka usiku, na akishashonwa nitamtoa watu wamwone. Nyinyi nendeni."

"Anakula?" Loisi akamwuliza.

Jenifa akageuka kuangalia ndani. Sauti ile ilikuwa inafifia huko ndani, na sote watatu tuliisikia. Asiyekula hafikishi uzito, na anayefichwa hakuna wa kumwonyesha mama yake jinsi ya kumlisha. Mtoto angekufa humo, akingoja mdomo mzuri.

"Mlango huu siufungui," akasema Jenifa. "Hakuna mtu anayeweza kumpenda akiwa hivyo. Hata wewe bibi uliona heri kushonwa."

Loisi alijigusa ile alama chini ya pua. Nilikuwa nimeliona jibu hili tangu siku ya vitunguu, nilikuwa nimelisema kwa mdomo wangu, na sasa lilipotoka kwa mtu mwingine likaniwasha kama pilipili.

"Wewe binti, usiseme usichokijua," nikasema, na sikusema kwa upole. "Mimi nilimpenda akiwa hivyo. Huyu alikuwa na jino moja hapa kushoto, lilikuwa linachungulia nje kabla hajacheka, kwa hiyo nilikuwa najua atacheka kabla hata yeye hajajua. Akikasirika mpasuko ulikuwa unatetemeka. Akila mlenda ulimtokea hapa, akaufuta hivi, kwa nyuma ya mkono, akautukana. Maneno yake yalitoka na upepo, ukikaa karibu ulikuwa unapepewa. Alikuwa na mume anayeitwa Elieza, na Elieza alikuwa akimtengea maziwa ya mwanzo ya kila ng'ombe anayezaa, apake na kunywa. Ameshonwa kwa sababu alitaka kunywa uji, ni haki yake, na mdomo umekaa vizuri, umefanana na wa mama yake. Lakini mimi ule wa zamani naukumbuka. Siku nyingine namtazama nikautafuta, nisiuone, na moyo unaniuma. Kwa hiyo usiniambie mimi kwamba hakuna mtu."

Kuku walipita katikati yetu. Loisi alikuwa anaangalia chini.

"Hukuniambia," akasema.

"Hukuniuliza, Mgogo."

Nilipoinua macho, mlango ulikuwa wazi na Jenifa hayupo. Alirudi na mtoto amelala kwenye mikono yake bila kanga, kichwa wazi, jua linampiga usoni. Akasita, halafu akanipa mimi, hakumpa Loisi.

Alikuwa mwepesi kama kifaranga. Nikamgeuza taratibu nimwone. Mpasuko ulikuwa upande wa kushoto, umepanda hadi kwenye tundu la pua, umejikunja kidogo pale juu, ile ngozi ya waridi ndani yake imekauka. Nilikuwa nimeulilia ule mdomo kwa miezi, na huu hapa ulikuwa mapajani kwangu, mpya kabisa, unanifokea kwa njaa.

"Mgogo wewe," nikamwambia, "nani kakukata mdomo? Ulikuwa unaiba nini?"

Jenifa alitoa sauti, sikujua kama ni kilio au kicheko, na nadhani hata yeye hakujua mpaka ilipofika mwisho na kuwa kicheko. Loisi alikuwa ameshanawa mikono, anamwomba kikombe kidogo na kijiko.